Mtoto Akiumwa Koo, Kumbuka na Moyo Wake



Bila shaka umewahi kumsikia bibi au babu akilalamika habari ya baridi yabisi. Amekaa barazani, anajipaka mafuta magotini, anasema, "Leo magoti yananiuma, mvua iko njiani." Kwa hiyo wengi wetu tunaamini kwamba baridi yabisi ni ugonjwa wa wazee.

Leo tutazungumza habari ya baridi yabisi nyingine. Hii ni ya watoto. Huwapata hasa watoto wa miaka 5 hadi 15. Haianzii magotini, huanzia kooni. Magotini hupita tu. Mahali inapokwenda kukaa ni moyoni. Waganga huiita homa ya baridi yabisi. Moyo ukiharibika kwa homa hiyo, mtu anaweza kufa akiwa bado kijana. Duniani kote wagonjwa wa moyo wa namna hii ni zaidi ya milioni 50.

Lakini ugonjwa huu unazuilika. Unazuiliwa kwa penisilini, dawa ya zamani na ya bei ndogo. Kazi iliyo ngumu ni kuitumia kwa wakati wake, na kutoiacha.

MTOTO ALIYETOKA KIJIJINI

Basi litokalo Mkuranga, Kibiti au mbali zaidi huko kusini huingia Dar es Salaam kwa barabara ya Kilwa. Kabla ya kufika mjini hupita Mbagala, katika wilaya ya Temeke. Wasomaji wetu wengi wana ndugu huko. Wengine wana ndugu Tandika au Yombo, au upande wa Kinondoni, kama vile Tandale na Mwananyamala. Nyumba nyingi za sehemu hizo zina vyumba sita, vitatu huku na vitatu huku, na ukumbi katikati. Mara nyingi kila chumba kina mpangaji wake na watoto wake.

Tuchukue mfano wa mtoto mmoja wa kike. Ana miaka 9. Wazazi wake wako kijijini, wamempeleka Mbagala kwa shangazi yake ili asome. Analala chumba kimoja na watoto wanne wa shangazi, kitanda kimoja, chandarua kimoja. Usiku dirisha hufungwa kwa kuogopa wezi. Mtoto huyu ni wa mfano tu, lakini yaliyompata ndiyo yanayowapata wengi.

Siku moja aliamka na homa. Koo lilimwuma ghafla, hata mate hakuweza kumeza. Shangazi alimwambia afungue mdomo. Akaona mafindofindo yamevimba, ni mekundu, yana madoa meupe. Chini ya taya palikuwa na tezi zilizouma zikiguswa. Mtoto hakuwa na mafua, wala hakukohoa.

Jirani mmoja akasema, "Huyo ni kimeo, mpeleke akakatwe." Jirani mwingine akasema asukutue kwa maji ya chumvi. Shangazi akaenda duka la dawa akanunua vidonge vinne. Siku ya tatu mtoto alikuwa uani anacheza rede na wenzake. Shangazi akafurahi, akasahau.

Hebu tusimame hapa kidogo. Kumkata mtoto kimeo hakutibu koo. Kimeo si ugonjwa, ni kiungo cha mwili kama ulimi. Watoto wamepoteza damu nyingi kwa kukatwa hivyo, na wengine wameingiwa na vijidudu vibaya kwenye kidonda. Maji ya chumvi hayana ubaya, hupunguza maumivu, lakini hayaui vijidudu. Na vidonge vinne, hata kama ni vya dawa inayofaa, ni vichache mno. Huviumiza vijidudu lakini haviviui vyote.

Shangazi hakuwa mzembe. Alifanya kama wengi wetu tunavyofanya. Nani anafunga kibanda chake cha biashara siku nzima kwa sababu ya koo?

ASKARI WANAOKOSEA

Baada ya wiki tatu goti la kulia la yule mtoto lilivimba. Lilikuwa la moto, na hakuweza kulikanyagia. Shangazi alidhani ameanguka katika mchezo. Baada ya siku mbili goti likapoa, likaanza kuuma la kushoto. Halafu kiwiko. Halafu kifundo cha mguu. Ugonjwa ulikuwa unahama kutoka kiungo hadi kiungo, na homa ilikuwa imerudi.

Je, koo na goti vina uhusiano gani?

Koo huumwa kwa sababu nyingi. Mara nyingi ni mafua ya kawaida, nayo hupona yenyewe. Lakini kuna vijidudu vya namna moja vinavyoitwa streptokokasi. Hivi huruka kutoka kwa mtu hadi mtu kwa kikohozi, chafya na mate. Watoto wakilala wengi katika chumba kidogo, huambukizana upesi. Vikiingia kooni, mwili hutoa askari wake kupigana navyo. Ndiyo sababu ya homa.

Sasa, vijidudu hivi vina alama zinazofanana na alama za nyama ya moyo wetu wenyewe. Kwa watoto wengine askari wa mwili hukosea. Ni kama sungusungu wanaomkimbiza mwizi usiku. Mwizi amevaa shati jeupe. Mwenye nyumba naye ametoka nje kuangalia, amevaa shati jeupe. Sungusungu wanamkamata mwenye nyumba, wanampiga. Mwizi amekwisha ondoka zamani. Ndiyo maana maungo huvimba wiki mbili, tatu au nne baada ya koo kupona, wakati hakuna tena anayekumbuka habari ya koo.

Si kila mtoto aumwaye koo hupata homa hii. Ni wachache tu. Lakini huwezi kujua kwa kumtazama kama wako ni mmoja wao.

Maungo yaliyopigwa hivi hupona kabisa. Hayabaki na kilema. Moyo haufanyi hivyo.

Kuna dalili nyingine ambayo walimu wanapaswa kuijua. Watoto wengine, hasa wasichana, huanza kurusharusha mikono bila kutaka. Kikombe kinawaponyoka. Mwandiko uliokuwa mzuri unaharibika. Wanakunja uso kama wanaomdhihaki mtu. Dalili hii inaweza kuja miezi kadhaa baada ya koo. Nyumbani watu husema mtoto ana jini, shuleni anachapwa kwa utundu. Ndugu mwalimu, mtoto akibadilika ghafla namna hii, weka fimbo chini umwite mzazi wake. Ni homa ile ile ya baridi yabisi, safari hii imegusa ubongo. Hali hiyo kwa kawaida hupita, lakini mtoto lazima apimwe moyo.

MLANGO ULIOVIMBA

Moyo wako ni mkubwa kama ngumi yako. Una vyumba vinne, na una milango minne inayoongoza damu. Waganga huiita milango hiyo vali. Kila moyo unapopiga, milango hufunguka kuipitisha damu mbele, halafu hujifunga ili damu isirudi nyuma. Kwa siku moja moyo hupiga mara 100,000 hivi. Hesabu milango hiyo inafunguka na kufunga mara ngapi mpaka mtu azeeke!

Homa ya baridi yabisi hupiga hasa milango hii. Huvimba, halafu hupona kwa kovu. Kovu ni gumu, halinyumbuliki. Wewe unajua mlango wa mbao ulionyeshewa na mvua. Mwingine unakwama, haufunguki wote. Mwingine umepinda, haufungi sawasawa. Milango ya moyo nayo huharibika kwa njia hizo mbili. Ukikwama, damu hupita kwa shida. Usipofunga, damu hurudi ilikotoka. Kwa vyovyote moyo unafanya kazi ya watu wawili. Huvumilia mwaka mmoja, hata miaka kumi. Mwisho unachoka.

Moyo ukichoka, damu husongamana katika mapafu, na maji huvuja humo. Mgonjwa hutweta akitembea. Usiku hawezi kulala chali, inambidi aweke mito miwili mitatu, au alale ameketi. Anakohoa. Miguu inavimba, ukibonyeza kwa kidole, shimo linabaki. Moyo unadunda ovyo. Majirani husema ana pumu, au kifua kikuu, au amerogwa. Wengine hupata kiharusi wakiwa vijana, kwa sababu damu iliyotulia ndani ya moyo huganda, na donge likatoka likaziba mshipa wa ubongo.

Tena jihadhari na jambo moja. Watoto wengi hawaumwi maungo kwa nguvu kama mtoto wa mfano wetu. Wengine huumwa kidogo tu, mama anasema "anakua huyo." Miaka kumi baadaye moyo unakutwa umeharibika, na mwenyewe hakumbuki kuumwa.

SINDANO YA KILA WIKI NNE

Turudi kwa mtoto wetu. Shangazi alipoona ugonjwa unahama alimpeleka zahanati. Mganga wa pale akamwuliza swali ambalo hakulitegemea: "Mwezi uliopita aliumwa koo?" Akasikiliza moyo, akasikia mvumo usio wa kawaida. Akaandika barua ya kwenda Hospitali ya Temeke. Moyo ukapigwa picha kwa mashine ya eko, inayotumia mawimbi ya sauti. Haiumizi, wala haina sindano. Mlango mmoja ulikuwa umeguswa kidogo.

Akaanzishiwa sindano ya benzathini penisilini. Sindano hii ni nzito na nyeupe kama maziwa. Inadungwa takoni au pajani, na dawa yake hutoka polepole kuingia katika damu kwa wiki kadhaa. Haitengenezi mlango ulioharibika. Kazi yake ni kuzuia vijidudu vya kooni visirudi. Maana vikirudi, askari wa mwili watakosea tena, na kila wakikosea mlango unazidi kuharibika. Mtu aliyekwisha pata homa hii mara moja ni rahisi sana kuipata mara ya pili.

Sindano hudungwa kila baada ya wiki 3 au 4, kwa miaka mingi. Mtoto ambaye moyo wake haukuguswa hudungwa kwa miaka 5 au zaidi. Aliyeguswa moyo, miaka 10 au zaidi. Wengine hudungwa mpaka miaka 40, au maisha yote. Daktari ndiye anayepanga, si mgonjwa, wala si jirani.

Je, tuna hakika kwamba sindano hii inafaa? Ndiyo. Wenzetu wa Uganda wametuonyesha. Huko kaskazini, sehemu za Gulu, watoto wa shule walipimwa moyo kwa eko. Wakapatikana watoto 818 wa miaka 5 hadi 17 ambao milango yao ilikuwa imeanza kuguswa, lakini wenyewe walikuwa wakicheza na kusoma kama kawaida. Nusu yao wakadungwa sindano kila wiki nne kwa miaka miwili. Nusu nyingine hawakudungwa, waliangaliwa tu. Matokeo yalitangazwa mwaka 2021. Kati ya watoto 399 waliodungwa na kupimwa mwishoni, moyo ulizidi kuharibika kwa watoto 3 tu. Kati ya 400 wasiodungwa, uliharibika kwa watoto 33. Wewe mwenyewe linganisha hesabu hizo.

Sindano inauma, hatuwezi kumdanganya mtoto. Lakini kuna njia za kupunguza maumivu. Mwombe muuguzi aipashe chupa moto kidogo viganjani mwake, abonyeze mahali pa kudunga kwa kidole kabla, na asukume dawa polepole. Mganga anaweza pia kuichanganya na dawa ya ganzi. Kama mtoto aliwahi kuvimba uso, kuwashwa mwili au kuzimia kwa penisilini, sema mapema, ziko dawa nyingine. Na mgonjwa ambaye moyo wake umekwisha choka sana amwulize daktari wake wa moyo kabla ya kuendelea na sindano, kwa kuwa wengine hupewa vidonge badala yake.

Sasa hapa ndipo faida ya kujua kusoma na kuhesabu inapoonekana. Wiki nne ni siku 28, si mwezi. Mtoto akidungwa tarehe 5 Januari, usingoje tarehe 5 Februari. Siku yake ni tarehe 2 Februari. Ukingoja tarehe ile ile ya kila mwezi, utapata sindano 12 kwa mwaka, na zinatakiwa 13. Njia rahisi ni kushika jina la siku. Kama sindano ya kwanza ilikuwa Jumatatu, zote zitakuwa Jumatatu. Chukua kalenda ya ukutani, hesabu Jumatatu nne, tia duara kwa kalamu. Fanya hivyo mpaka Desemba, na umfundishe mtoto mwenyewe kuhesabu.

ALIPOACHA

Mtoto wetu alidungwa kwa miaka minne. Alinenepa, alikimbia, alishinda michezo ya shule. Alipofika miaka 13 alirudi kijijini kwa wazazi. Zahanati ya kijiji ilikuwa mbali, na siku alipokwenda dawa ilikuwa imekwisha. Baba yake akamtazama akasema, "Mtoto mzima kabisa huyu, sindano za nini?" Wakaacha. Hapakuwa na mtu aliyemwambia baba kwamba mtoto alionekana mzima kwa sababu ya sindano zile zile.

Msichana akakua, akaolewa. Alipokuwa na miaka 20 alipata mimba ya kwanza. Mimba inapokua, damu ya mama huongezeka karibu nusu ya ile aliyokuwa nayo. Moyo wenye milango mizuri huibeba damu hiyo. Moyo wenye mlango uliokwama hauwezi. Mwezi wa saba akawa hawezi kuchota maji bila kuketi njiani. Usiku alilala ameegemea ukuta. Mama mkwe wake alisema mimba ya kwanza ndivyo ilivyo. Ni muuguzi wa kliniki aliyetazama miguu yake, akamsikiliza anavyohema, akakataa asirudi nyumbani. Alipelekwa hospitali siku ile ile, akatibiwa, akajifungulia huko chini ya uangalizi wa madaktari. Yeye na mtoto walipona. Wako akina mama ambao hawapati muuguzi wa namna hiyo.

Kwa hiyo, mama mjamzito, kama uliwahi kudungwa sindano za moyo utotoni, au unatweta kuliko wenzako, sema kliniki siku ya kwanza kabisa. Usijifungulie nyumbani. Baada ya hapo wewe na mume wako mzungumze na mganga habari ya uzazi wa mpango kabla ya mimba nyingine.

Mlango ulioharibika sana hauponi kwa dawa. Mwingine hupanuliwa kwa mpira mdogo unaopitishwa ndani ya mshipa kuanzia pajani. Mwingine hushonwa, au huondolewa ukawekwa wa bandia. Zamani wagonjwa wengi wa Tanzania walipelekwa nje kwa kazi hiyo, hasa India. Upasuaji wa moyo ulianza Muhimbili mwaka 2008, na tangu mwaka 2015 iko Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, hapo hapo Muhimbili. Hili ni jambo la kujivunia. Lakini mtu aliyewekewa mlango wa chuma hunywa kila siku, maisha yake yote, dawa ya kuzuia damu isigande, na damu yake lazima ipimwe mara kwa mara. Dawa hiyo pia inaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Na penisilini haiachwi kwa sababu mtu amepasuliwa. Ni afadhali mara mia kuumwa na sindano takoni.

KOO LIKIUMA TENA

Wazee wanakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Tulikaa katika vikundi kusikiliza redio, tukasoma habari za malaria, safura, kuhara damu, kichocho na kifua kikuu, tukachimba vyoo. Koo la mtoto halikuwamo katika orodha hiyo. Basi tuliongeze wenyewe.

Mtoto wa zaidi ya miaka mitatu akiumwa koo ghafla, ana homa, hana mafua wala kikohozi, na tezi za shingo zinauma, mpeleke zahanati. Usingoje zaidi ya siku chache. Penisilini ikitolewa kabla ya siku 9 kupita tangu koo lianze kuuma, huweza kuizuia homa ya baridi yabisi isitokee kabisa. Akipewa sindano, moja inatosha. Akipewa vidonge, kwa kawaida ni vya siku 10. Siku ya tatu atakuwa anacheza, nawe utashawishika kumwekea ndugu yake vilivyobaki. Usifanye hivyo.

Ndani ya chumba, walaze watoto mmoja kichwa huku, mwingine kichwa kule, ili wasikoholeane usoni. Mchana madirisha yote yafunguliwe. Mwenye koo awe na kikombe chake.

Na kama mtoto wako tayari yuko kwenye sindano, naye anasafiri kwenda kwa bibi wakati wa likizo, mpe kadi yake. Uliza kwanza kama zahanati ya huko wanayo benzathini penisilini. Kama hawana, adungwe siku mbili tatu kabla ya safari, au safari ipangwe baada ya Jumatatu yake.